Kamba Ilipouliza Habari

Nikiulizwa ni nani kati yetu wawili aliyeshikwa na hofu siku ile mtoni, hujibu kwamba ni mimi, na anayeuliza hucheka. Hudhani ninajishusha. Mimi si mtu wa kujishusha. Waulize waliowahi kuja kwangu kulalamika kwamba kitanda kinalia. Hujibu hivyo kwa sababu nilionyeshwa, na walionionyesha waliniona kwa macho yao. Kwa macho yangu mwenyewe, siku ile nilikuwa mtulivu kuliko watu wote wa Kisangani, na hadi leo pembe moja ya kichwa changu bado inashikilia hivyo.

Kazi yangu ni useremala. Nimezaliwa katika zile familia za Waislamu wa hapa mjini ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara, wakatuachia misikiti, pilau ya Idi na ugonjwa wa kusalimiana kwa kirefu. Kupiga mbizi hakukuwamo katika urithi huo. Lakini boti za mbao zinazobeba watu na magunia, zile tunazoziita baleinière, zilikuwa zikizama, na kila mara watu walibaki wamesimama ukingoni wakiyatazama maji kana kwamba yatajieleza. Basi wakazi wa mtaa wetu wakaunda ekipe, kikundi kidogo cha uokoaji, wakatafuta mtu wa kutufundisha, nami nikaingia. Mama aliniuliza nimekosa nini nchi kavu. Nimeishi kando ya mto huu maisha yangu yote na sikuwahi kuona zaidi ya ngozi yake. Hiyo ndiyo sababu, na hata mimi niliiona haitoshi.

Mwalimu tulimwita moniteur. Alitoka kwenye bandari za chini ya mto, mtu mfupi, nadhifu, aliyepanga chupa zake za hewa kwa ukubwa na hasira zake vivyo hivyo. Tulianza wengi tukabaki wachache, maana si kila mtu anapenda kupumua kwa mdomo huku ameuma mpira. Miongoni mwa waliobaki alikuwemo binti wa wafanyabiashara waliotoka upande wa Butembo, wenye duka la jumla la maharage, chumvi na ndoo za mafuta. Alikuwa mdogo kwangu sana, nikamwita leki, kama tunavyowaita wadogo zetu hapa, naye akaniita yaya, yaani kaka mkubwa. Alikuwa na mdomo. Chupa ikiwa nzito alisema ni nzito, maji yakiwa baridi alipiga yowe, na kila alipotoka majini alihema kwa nguvu na kutusimulia kila kilichomtisha huko chini, tutake tusitake.

Tonton wake, ndugu ya baba yake aliyemlea, alimruhusu kwa sharti moja, na sharti hilo sote tulilijua kwa kuwa alikuja kulitangaza mwenyewe. Binti akimaliza mafunzo, atamwachia afanye kazi ya mto. Akirudishwa kwa sababu ya woga, atakaa nyuma ya kaunta na neno mbizi lisitamkwe tena nyumbani. Leki alikubali mbele yetu, kidevu juu. Aliutaka mto kuliko sisi wote, na hilo pia tulilijua.

Mtu wa mwisho wa kumjua ni mzee tuliyemwita papa wa kamba, maana papa kwetu ni baba. Maisha yake yote alifunga na kufungua kamba za vivuko vya kwenda Lubunga, na moniteur alipoona mikono yake akampa kazi ya kutushikilia. Maji yetu yana rangi ya chai. Ukishuka kidogo tu, mkono wako mwenyewe huuoni, kwa hiyo zile ishara za vidole wanazotumia wazamiaji wa maji meupe hazitufai kitu. Mmoja anafungwa kamba kiunoni, mwenzake anaunganishwa naye kwa kamba fupi ya mkononi, na aliye kwenye mtumbwi anauliza na kujibiwa kwa kuvuta. Moniteur alitueleza alama hizo kwa Kifaransa kirefu, hatukushika kitu. Papa wa kamba akatufundisha upya kwa njia yake.

"Kamba iko salamu," alisema. "Mi navuta mara moja, nasema habari. Weye unavuta mara moja, unasema muzuri. Mutu mwenye hajibu, njo mutu mwenye kufa."

Hilo tulilishika papo hapo. Nani asiyejua kuitikia salamu? Tulifanya mazoezi hata nchi kavu, tukiwa tunakula kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki: yeye anavuta, sisi tunajibu bila kuacha kutafuna, na anayechelewa anachekwa. Haikuchukua muda mkono wangu ukawa unajibu kabla sijajua kama nimeulizwa. Moniteur alifurahi, akasema mafunzo maana yake ni hiyo, mwili ufanye kazi bila kukisumbua kichwa.

Na lazima nieleze kwetu salamu ni kitu gani. Kwa mama yangu, mtu anayejibu "mbaya" kwenye salamu ya kwanza hana malezi. Unaulizwa habari, unasema nzuri. Unaulizwa za nyumbani, unasema nzuri. Ukishakaa na kupewa maji ya kunywa ndipo unasema, ila mtoto amelazwa, ila nyumba imeungua. Papa wa kamba mwenyewe alikuja mazoezini asubuhi moja, nikamwuliza habari, akasema muzuri, Mungu iko mukubwa, akaanza kukunja kamba zake. Ilikuwa imeshafika adhuhuri tulipojua kwamba jana yake alikuwa amemzika mkewe. Hakuna aliyeshangazwa na jibu lake. Tulishangaa tu kwamba amekuja kazini.

Somo la hofu tulilipata kando ya bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini, lenye maji ya kijani lakini yanayoonyesha chini. Moniteur aliigiza. Mtu mwenye paniki, alisema, anarusha mikono na miguu, anang'oa miwani, anampanda mwenzake kama ngazi, na mapovu yake yanachemka juu ya maji kama sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Mtulivu anakaa kimya, mapovu machache, anatoka na hewa nyingi chupani. Tulicheka alivyoigiza, tukaamini. Mtu mmoja akasema debe tupu haliachi kuvuma, wote tukamgeukia leki, naye akatutolea ulimi.

Tangu hapo tukaanza mashindano. Kila tulipotoka majini tulisoma saa ya chupa, ile inayoonyesha hewa iliyobaki, na aliyetumia hewa nyingi kuliko wenzake alisuuza nguo za mpira za wote. Leki alisuuza karibu kila siku. Mimi sikumbuki kusuuza hata mara moja. Nilikuwa nimeijua siri mapema: unavuta kidogo, unaikalia, ukibanwa unaachia kidogo. Moniteur alinisimamisha mbele ya wenzangu, akasema seremala huyu anapumua kama aliyelala usingizi. Nilivimba kichwa. Si kila siku fundi wa vitanda anasifiwa kwa kupumua.

Siku ya mto ilikuwa asubuhi ya mawingu. Mtumbwi wetu ulikuwa kwenye ghuba tulivu juu kidogo ya mji, na kazi yenyewe haikuwa kubwa: kushuka mpaka chini, kupapasa, kufunga kamba kwenye pipa tulilolizamisha wenyewe, kupanda. Mimi nilifungwa kamba ya papa kiunoni, leki akaunganishwa nami mkononi. Kabla hatujaingia alisema anaogopa. Alisema waziwazi, kama mtu anayesema ana kiu. Nilimwambia hakuna cha kuogopa, na sikuwa ninamdanganya.

Ninachokumbuka ni hiki. Maji yalikuwa ya manjano, yakawa ya kahawia, kisha hapakuwa na rangi tena. Miguu yangu ikagusa tope. Mkono wangu ukakutana na kitu, nadhani tawi la mti uliozama, nikalishika. Nikajiambia, vizuri, tumefika. Kamba ikauliza habari, nikajibu nzuri. Kichwani mwangu mlikuwa na nafasi kubwa, safi, kama karakana iliyofagiwa Alhamisi jioni. Nikawaza juu ya mbao za mteja mmoja wa Bengamisa, kama niliziacha mahali pakavu. Kamba ikauliza tena, nikajibu tena.

Kisha mtu akaanza kunishambulia. Alinipapasa usoni, akanitikisa, akabandua vidole vyangu kwenye lile tawi kimoja kimoja. Tulipoanza kupanda akanipiga ngumi ya tumbo, akanipiga tena, mpaka pumzi yote ikanitoka. Mwanga uliporudi nikaona uso wake hauna miwani. Nikawaza, kwa huruma kabisa: maskini, mtoto wa watu amepaniki.

Na waliokuwa juu waliona hivyo hivyo. Maji yalichemka mapovu, mikono ya leki ikarushwa huku na huko, akatokeza akikohoa na kulia na bado akinipiga. Mimi nilitokeza kimya. Papa wa kamba aliniuliza kwa mdomo kama niko salama, nikamwambia niko salama. Saa ya chupa yangu ilionyesha hewa tele. Ya leki ilikuwa imekaribia mwisho. Moniteur alizisoma zote mbili, akaziweka chini taratibu, akaamuru turudi ukingoni.

Hapo alisema kwamba mtu anayempiga mwenzake chini ya maji siku moja atamwua, na kwamba yeye hawezi kumpa mtu kama huyo chupa tena. Leki alijaribu kujieleza. Alikuwa bado anahema, maneno yanamtoka vipande vipande, Kiswahili kimeingiliana na Kilingala na Kinande cha kwao, na kadiri alivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kufanana na lile somo la kando ya bwawa.

"Yeye njo hakukuwa anapumua," alisema. "Niliweka mukono ku mudomo yake, hakuna povu. Nilimupiga ili apumue."

Papa wa kamba alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema aliniuliza nikamjibu, akaniuliza tena nikamjibu tena. Kwake kesi ilikuwa imekwisha, maana mtu anayekufa haitikii salamu. Moniteur akasema tonton ataitwa Jumamosi aje bwawani aelezwe. Leki aliposikia neno tonton akaanza kuvua mkanda wake wa risasi, yale madini yanayomsaidia mtu kuzama, na vidole vyake havikuweza kuufungua. Kisha moniteur akaniuliza mimi nilionaje.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na akili haijanikaa sawasawa mpaka leo. Nilisema sijui. Nilisema nakumbuka niko vizuri, tena vizuri sana, lakini nikatazama mkono wangu nikaona kucha zimejaa maganda ya mti na mbili zinatoka damu. Mtu mtulivu anashikilia tawi kwa nguvu hiyo kwa ajili gani? Nikasema labda leki anasema kweli. Wote walinitazama kwa upendo, kama mnavyomtazama kaka anayemkingia mdogo wake kifua. Nikasema tena, kwa ukali kidogo. Moniteur akanipiga bega, akasema nina moyo mzuri lakini mto hauna moyo.

Nilirudi nyumbani nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hasira zimenijaa na sijui nimpe nani. Kama nilikuwa mtulivu kweli, basi leki ni mwoga na mwongo, na mimi sikuwahi kumwona akiwa mwongo. Woga wake aliutangaza mwenyewe kila siku. Na kama leki alisema kweli, basi yule aliyekuwa kule chini akiwaza mbao za Bengamisa alikuwa nani? Katika kazi yangu ulimi wa ubao ukikataa kuingia kwenye tundu, kimoja kati ya viwili kimekatwa vibaya. Hapa nilivipima vyote viwili njia nzima, vyote vilikuwa sawa, na bado havikuingiana. Dereva wa toleka aliniuliza habari. Nilimwambia nzuri.

Mama naye aliniuliza habari, nikasema nzuri. Akauliza za mtoni, nikasema nzuri. Akanipa maji, akasubiri ninywe, halafu akaushika mkono wangu akazitazama zile kucha. Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke au aanze tena habari za nchi kavu, lakini alikaa akifikiri.

Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalo kichwani kabisa. Alisema nilipokuwa mdogo, katika siku zile mji ulipolia risasi, tulijifungia chumba kimoja na watoto wa majirani. Watoto wote walilia. Mimi niliketi na sahani tupu mapajani, mgongo umenyooka, na kila mtu mzima aliyenigusa kichwa na kuniuliza kama sijambo nilimjibu sijambo, shikamoo. Wageni walimsifu mama kwa malezi. Usiku yeye alilala amenikumbatia, na anasema ilimbidi anipulizie usoni ili nikumbuke kuvuta hewa.

"Weye ukiogopa unakuwaka mutoto wa adabu," alisema. "Kimya kingi kina mshindo, mwanangu. Ya kwako mi naijua."

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema nani humwambia mtoto kwamba adabu yake ni ugonjwa.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa akina leki. Alikuwa nyuma ya kaunta anapima maharage, na tonton wake alikuwa upande wa pili akipokea magunia yaliyoshushwa kutoka kwenye lori. Kwa jinsi alivyonitazama nilielewa kwamba hajaambiwa bado kila kitu, ila ameshaarifiwa aje Jumamosi. Leki hakuinua macho. Nilimwomba anieleze polepole, tangu mwanzo, nami sikumkatiza.

Alisema kule chini alisikia pumzi yake tu. Kwa kawaida mtu akiwa karibu nawe unasikia na ya kwake, kile kishindo cha mapovu, na yeye hakusikia. Akanigusa bega nikawa mgumu. Akapapasa mpaka mdomoni kwangu, kifaa cha hewa kipo mahali pake, meno yamekiuma, lakini hakuna kinachoingia wala kutoka. Akangoja. Akahisi mkono wangu mmoja unavuta kamba, unajibu, akadhani amekosea, akangoja tena. Kisha akakumbuka moniteur alivyotuambia kwamba mtu anayepanda amezuia pumzi anapasuka mapafu, akajua hawezi kunipandisha nikiwa vile, ndipo akaanza ngumi, na katika purukushani hiyo miwani yake ikamtoka.

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe hakuogopa.

"Niliogopa sana, yaya," akasema, huku akifunga mfuko wa maharage. "Njo maana nilikuwa napumua."

Niliondoka bila kuaga sawasawa, jambo ambalo mama angelisikia angenichapa hata katika umri huu. Nilikwenda moja kwa moja kwa moniteur nikamwambia Jumamosi nataka kushuka tena, bwawani, mbele ya wote, nikiwa sioni, papa akiwa na kamba yake. Alikataa. Alisema hatuigizi ajali. Nikamwambia kama mimi ndiye mtulivu kama anavyosema, basi hakuna ajali ya kuigiza, na kama yuko tayari kumrudisha binti kaunta maisha yake yote kwa sababu ya saa ya chupa, aniangalie kwanza. Ninapokuwa na hasira husema maneno mengi na mengine si mazuri. Mwishowe alikubali, nafikiri ili nimwache.

Miwani niliipaka mwenyewe, kwa ndani, rangi nyeusi ninayopaka vitanda. Jumamosi walikuwepo wote. Tonton wa leki aliletewa kiti cha plastiki, akaketi na mikono magotini kama mtu aliyekuja kuhukumu kesi ya ardhi. Leki aliruhusiwa kuingia majini karibu nami kwa usalama wangu tu, na moniteur alimwambia asiniguse mpaka amwamuru. Chini ya bwawa tuliweka gunia la mchanga la kushikilia. Sikuwa na wasiwasi wowote. Kilichonisumbua kilikuwa kingine: niliogopa kwamba nitapumua vizuri. Niliogopa kwamba watu wote watanitazama nikipumua vizuri, na leki atarudi kaunta kwa mkono wangu.

Nikashuka. Weusi ulikuwa uleule. Nikalipata gunia, nikalishika, nikajiambia, vizuri, tumefika. Ile nafasi safi ikafunguka tena kichwani. Kamba ikauliza, nikajibu. Nikajiuliza kama kopo la rangi nimelifunika, maana rangi hukauka upesi joto likiwa hivi. Kamba ikauliza, nikajibu. Nikasikitika kwamba mambo yanakwenda vizuri mno na leki amekwisha. Kamba ikauliza tena, kwa nguvu kidogo, nami nikajibu kwa nguvu vilevile, kwa heshima. Kisha ngumi ikanifikia tumboni.

Nilipovua miwani tulikuwa tumeshafika juu. Leki alikuwa amenishika mabega, analia. Moniteur alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, na viatu vyake, na suruali yake iliyopigwa pasi. Niliuliza kama nimekaa kiasi cha kutosha, na kama wanataka nirudie. Nikamtazama papa wa kamba. Hakuwa anaikunja kamba yake kama kawaida. Aliishika kwa mikono yote miwili, imelegea, inadondosha maji kwenye miguu yake.

"Nilikuuliza, ulinijibu," alisema. "Na nilikuwa nakuona. Uko ngumu sawa mbao, hakuna povu hata moja, na mukono inasema muzuri, muzuri." Akaitazama kamba. "Sawa miye ile siku."

Sote tulijua ni siku gani. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Nilihisi baridi, nikaanza kutetemeka, na ndipo hofu yenyewe ilipofika, imechelewa kama mgeni aliyepotea njia. Nililia ukingoni mwa bwawa la hoteli mbele ya mhudumu aliyebeba soda. Nilikuwa bado sielewi. Nilikuwa nimeambiwa na watu wazima, wenye akili, walioona, na kichwa changu kiliendelea kunong'ona kwamba wamekosea, kwamba nilikuwa vizuri. Mtu akikwambia una masizi usoni unaweza kutafuta kioo. Mimi sikujua nitafute nini.

Moniteur hakuomba radhi kwa maneno. Sidhani kama anayo maneno hayo katika lugha yoyote. Alisema mashindano ya hewa yamekwisha, na kwamba kuanzia leo anayetoka na chupa iliyojaa atajieleza. Alimwambia tonton kwamba binti huyu alishuka, akaogopa, akafikiri, akampandisha mtu mzima mzito kuliko yeye, na kwamba hana cha kumfundisha kilicho zaidi ya hicho. Halafu akaokota nguo zote za mpira, za kwetu sote, akaenda nazo kwenye bomba akazisuuza mwenyewe. Tonton alisimama, akanyoosha shati, akazungumza na leki kwa Kinande maneno machache. Sikuyaelewa, lakini leki aliziba mdomo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema.

Siku hizi kamba inauliza kama zamani, lakini hairuhusiwi kujibiwa kwa mkono. Papa akivuta, aliye chini anapuliza hewa yake yote kwa nguvu, na papa anayatazama maji mpaka mapovu yapasuke. Mkono unaweza kusema uongo wenyewe. Pumzi lazima uitoe. Papa wa kamba hakuupenda utaratibu huo mwanzoni. Alisema si adabu, mtu anakusalimia nawe unampulizia. Ila naona akishavuta huinama mpaka pua inakaribia maji, na hainuki mpaka ajibiwe.

Kazi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa upande wa Lubunga, ambako baleinière moja ilikuwa imelala chini na injini yake, na wenyewe walikuwa wamesimama ukingoni wakiyatazama maji. Nilipangwa pamoja na leki, niliomba mwenyewe. Tuliketi kwenye ukingo wa mtumbwi, magugu ya mto yakipita taratibu, naye akaushika mkanda wangu wa risasi kuukagua.

"Habari, yaya?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema muzuri. Aliuona. Hakuachia mkanda, akaendelea kunitazama kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja. Nikatafuta ndani yangu, na mara ya kwanza sikukuta kitu, ile nafasi safi tu, iliyofagiwa. Nikatafuta tena. Magoti yangu yalikuwa yanagongana, nami nilikuwa nimeyaangalia muda wote bila kuyaona.

"Naogopa," nikasema.

Pumzi ikaingia, ikashuka mpaka chini kabisa.

"Bon," akasema leki, akaukaza mkanda. "Mi pia. Tuingie."